Mada: D81 yangu (fomu ya talaka ya kutaja mali) imerudishwa, na boma la Kigamboni, Dar, nilitajeje?

Mama Ilham:
Asalaam aleikum, habari za Jumapili. Ndugu zangu, nimechoka. Mimi na baba watoto tumeachana bila kelele. Amri ya masharti (hatua ya talaka kabla ya ile ya mwisho) tulishapata, tukakaa mezani tukaandikiana: nyumba ya huku Uingereza nabaki nayo mimi na watoto, na mogeji yake (mkopo wa nyumba) juu yangu, yeye anabaki na pensheni yake yote ya kazi. Tukajaza D81 na Fomu A ya maombi, tukatuma rasimu ya makubaliano, tukalipa ada. Jana bahasha imerudi. Jaji anataka kujua kwa nini pensheni haikugawanywa, na mali iliyo nje ya nchi ina thamani gani. Sisi tuliandika tu "kiwanja, Tanzania".

Kiwanja chenyewe kina boma lililoishia kwenye lenta tangu 2017. Karatasi iliyopo ni mkataba wa mauziano wa serikali ya mtaa, na jina ni la shemeji yangu. Pesa ilikuwa yetu wote, risiti za kutuma ninazo mfuko mzima. Sasa nauliza: thamani anaandika nani? Mthamini wa nyumbani akiandika kwa Kiswahili watapokea? Na kwa kuwa jina si letu, niiweke au niiache?

Mzee wa Luton:
Pole, binti yangu. La kwanza, usiombe amri ya mwisho, ile inayovunja ndoa kabisa. Wiki sita na siku moja zikipita tangu amri ya masharti, mfumo wa mtandaoni utakuruhusu kubonyeza. Usibonyeze mpaka jaji apige muhuri makubaliano yenu. Mdogo wangu alibonyeza kwa hasira. Mwezi uliofuata yule mtalaka wake akaanguka bafuni, akafa. Mdogo wangu hakuwa mjane tena, pensheni ya mjane ikampita hivihivi, na makubaliano hayajapitishwa. Tulizika mtu na madeni.

Njeri wa Leeds:
Pole dada. MIAM, kile kikao cha kuelezwa usuluhishi, mlifanya? Bila MIAM hawagusi faili lako.

Da Rehema:
Njeri, usimchanganye mwenzio. MIAM ni ya wanaopeleka kesi ya kugombania. Hawa wamekubaliana, hawaihitaji. Watu wasome kwanza ndipo waandike.

Njeri wa Leeds:
Asante mwalimu. Yangu ilikuwa ya kugombana ndiyo maana. Nilijaza Fomu E ya kutaja mali zote mpaka macho yakavimba, taarifa za benki za miezi 12 kwa kila akaunti, hata ile yenye pauni nne. Mwenzangu kwenye yake akasahau sacco ya Nairobi. Akasahau na ploti ya Kitengela. Mimi sikusahau. Kwa hiyo Mama Ilham, WEKA. Kesi ya Sharland ya 2015, Mahakama ya Juu ya huku ilisema makubaliano yaliyopatikana kwa kudanganya yanaweza kufunguliwa upya. Shemeji si kabati la kufichia mali.

Baba Tumaini:
Na sisi wanaume tuseme lini? Nimetuma pesa nyumbani miaka 14, nimejenga kwa wazazi wake, leo kila kitu nusu kwa nusu. Kenya wameshakataa hayo.

Da Rehema:
Kaka, hawakukataa hivyo. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya wa Januari 2023 ulisema usawa wa kwenye katiba haumpi mtu nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Na sheria yao ya 2013 inahesabu kupika, kulea na kumtunza mwenzako kuwa mchango. Tanzania ndiyo usiseme: kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983, Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Hata huku nusu ni mahali pa kuanzia tu, mahitaji ya watoto yanaweza kuisogeza. Nakuomba usiwatishe watu.

Abuu:
Kama ni nikah tu wala msihangaike, mahakama za huku hazitambui. Anatoa talaka, kwisha.

Da Rehema:
Abuu! Nikah ya sebuleni Birmingham isiyosajiliwa, sawa, hiyo ni kilio kingine, na wanawake wengi wamelia nacho. Lakini ndoa iliyofungwa Tanga kwa sheria ya kule inatambulika huku. Na talaka ya kutamka sebuleni hapa Uingereza haivunji ndoa hiyo kisheria. Mtaoa wa pili mkaambiwa mna wake wawili.

Abuu:
Nimetania tu.

Mzee wa Luton:
Tumwachie nafasi mwenye swali. Binti, kuhusu pensheni: mwambie mwenzio aombe CETV, ile hesabu ya thamani ya pensheni, kwenye mfuko wake wa pensheni, ya kwanza katika mwaka ni bure. Kisha kwenye D81 kuna nafasi ya kueleza. Andikeni kwa maneno ya kawaida: yeye kaacha sehemu yake ya nyumba, wewe umeacha pensheni, watoto wanakaa na wewe. Jaji hakuoni, anasoma karatasi tu. Ila ujue, pauni ya pensheni si pauni ya nyumba. Ya pensheni anaila akizeeka na inakatwa kodi. Usije ukajiona umeshinda kumbe umepunjwa, au yeye.

Baba Tumaini:
Swali langu moja, kwa nini kiwanja kiwe cha shemeji?

Mama Ilham:
Kwa sababu nilichukua pasi ya huku nikapoteza uraia wa Tanzania, baba watoto naye vilevile. Wakati tunanunua, raia wa kigeni hakuruhusiwa kumiliki ardhi kule, labda ya uwekezaji. Wenzetu Wakenya wana uraia pacha tangu katiba ya 2010.

Njeri wa Leeds:
Na bado tunaibiwa na mashemeji zetu 😂

Baba Tumaini:
Hapo ndipo serikali inaponiudhi. Pesa zetu wanazitaka, majina yetu hawayataki. Kila mkutano wa diaspora tunaambiwa "tukumbukeni nyumbani". Tunakumbuka! Tunakumbuka kwa jina la shemeji. Mtu anafika uwanja wa ndege alikozaliwa, anapanga foleni ya wageni na viza mkononi.

Da Rehema:
Nilipanga foleni hiyo mwaka jana kwenda kumzika mama. Kijana akaniuliza, "Umekuja kutembea?" Nikashindwa kumjibu.

Mzee wa Luton:
Pole sana mwanangu.

Abuu:
Poleni. Mimi embe dodo tu zinanikosesha usingizi.

Mama Ilham:
Asanteni wote, amri ya mwisho sitabonyeza, na CETV kaiomba leo. Boma nimelirudisha kwenye fomu kama Njeri alivyosema. Lakini kisanduku cha thamani kiko wazi. Shemeji nimempigia, anasema kiwanja ni chake, ana karatasi, na thamani yake hainihusu. Kuna aliyewahi kupeleka tathmini ya mthamini wa Dar? Ilitafsiriwa na nani?

Njeri wa Leeds:
Aliyesema hivyo ni shemeji yupi, yule aliyekuja huku kwenye harusi?

Mama Ilham:
Huyohuyo.

Baba Tumaini:
Huyo namdai pia.