Je, jenomu ya mitokondria inatosha kuainisha mbawakawa?

Mpenda Fukusi

Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa pendekezo la utafiti wa uzamili kuhusu fukusi wa migomba, *Cosmopolites sordidus*, na jamaa zake katika kundi la mbawakawa. Msimamizi wangu ananishauri nisome jenomu nzima ya mitokondria (DNA yote iliyomo katika vyombo vya nishati vya seli) badala ya kile kipande cha COI, mojawapo ya jeni zake, chenye besi (herufi za DNA) 658 hivi, ambacho wengi hukitumia kutambua spishi. Nafahamu kwamba jenomu hiyo ina jeni 37 na hurithiwa kutoka kwa mama. Hata hivyo, nimesoma kwamba miti ya nasaba inayojengwa kwayo wakati mwingine hupingana na ile ya jeni za kiini cha seli. Je, naweza kuitegemea katika kuainisha familia za fukusi na nusufamilia, yaani vikundi vilivyo ndani ya familia?

Mtafiti wa Nasaba

Ndugu, kwa kundi ulilochagua nakuunga mkono bila kusita. COI hubadilika haraka, kwa hiyo hutenganisha vizuri spishi zilizoachana karibuni, lakini katika matawi ya kale mabadiliko yamerundikana juu ya mengine hadi ushahidi wa awali umefutika. Ukichukua jeni zote 13 za protini unapata takriban besi 11,000, na hapo ndipo nusufamilia zinapoanza kujipambanua.

Mfano ulio karibu nawe ni wa Platypodinae, wale watoboaji wa magogo wanaolima kuvu ndani ya mashimo yao. Kwa muda mrefu waliwekwa pamoja na Scolytinae, kundi la mtoboaji wa buni za kahawa, kwa sababu wote wana mwili wa mviringo kama kipande cha penseli na wengi wao huishi ndani ya mti. Jenomu za mitokondria za spishi nyingi za fukusi, zikiwemo 92 zilizochambuliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ziliwatenga na Scolytinae na kuwasogeza karibu na Dryophthoridae, yaani ukoo wa fukusi wako wa migomba. Jeni za kiini nazo baadaye zimewaweka mbali na Scolytinae. Maumbile yale yanafanana kwa sababu kazi ya kutoboa mti inadai umbo hilo, wala si kwa sababu ya udugu wa karibu.

Mwanatakwimu wa Wadudu

Nakubaliana na aliyetangulia, ila naomba tahadhari ipewe uzito uleule. Jenomu ya mitokondria ya mbawakawa imejaa adenini na thimini, besi mbili kati ya nne za DNA, na kiwango chake hutofautiana kati ya ukoo na ukoo. Modeli za kawaida za hesabu zinazojenga miti ya nasaba huchukulia kwamba uwiano wa besi ni mmoja katika mti mzima, kwa hiyo koo mbili zisizohusiana zinaweza kukutanishwa kwa kuwa tu zote zina thimini nyingi. Utafiti wa mwaka 2009 kuhusu oda hii ya mbawakawa ulionyesha kwamba tofauti hiyo ilibaki kwa namna yoyote data zilivyogawanywa au kusimbwa upya (besi kuandikwa kwa alama chache zaidi), na kwamba hata mbinu zilizobuniwa kuisahihisha bado zilitatizwa na tofauti za kasi ya mabadiliko kati ya nafasi na nafasi katika DNA. Kwa hiyo jenga mti ukiwa na nafasi ya tatu ya kodoni (kundi la besi tatu linalotaja kiungo kimoja cha protini), kisha ujenge mwingine bila nafasi hiyo, halafu utumie modeli inayoruhusu uwiano wa besi kubadilika. Tawi linalohama kila unapobadilisha mbinu lisipewe jina jipya.

Mpenda Fukusi

Ahsanteni sana. Je, vielelezo vikavu vya makumbusho vinafaa, na ninaweza kuunganisha spishi kadhaa katika usomaji mmoja wa DNA?

Mtafiti wa Nasaba

Vinafaa mara nyingi, kwa kuwa kila seli ina nakala nyingi za mitokondria na DNA iliyokatikakatika bado huweza kuunganishwa. Kuchanganya spishi pia kunawezekana, mradi zisiwe za karibu mno, na uwe na COI ya kila moja ili ujue jenomu ipi ni ya nani. Chunguza kodoni za kukomesha (zinazositisha utengenezaji wa protini) katikati ya jeni, kwani huashiria nakala ya jeni ya mitokondria iliyohamia kwenye kiini. Ukikuta spishi mbili zenye mitokondria inayofanana kupita kiasi, pima bakteria wa Wolbachia, wanaoishi ndani ya seli za wadudu, kabla ya kuziunganisha kuwa spishi moja: nao hurithiwa kwa mama, na wakienea katika kundi huzisambaza pamoja nao mitokondria za mama waliyeanzia kwake. Ongeza jeni mbili tatu za kiini kwa spishi hizo.