MREJESHO: Vidole vilivyokuwa vinagoma kuachia
Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini nikishika kitu kwa nguvu vidole vinakataa kufunguka, na mapaja yanakaza kila nikiinuka. Wengi mlisema baridi yabisi. Mmoja akaniambia nimbebee daktari dawa zangu zote. Mungu ambariki sana.

Daktari alinitaka nikunje ngumi, nihesabu hadi kumi, kisha niachie ghafla. Vidole vilifunguka kimoja kimoja, taratibu, kama vimepakwa gundi. Niliporudia mara kadhaa vikaanza kulainika. Kisha akanichoma sindano nyembamba ya kupima umeme wa misuli, na mashine ikanguruma kama pikipiki inayoongezwa na kupunguzwa mafuta. Kumbe msuli ulikuwa bado unapiga umeme wakati mimi nimeshaulegeza!

Damu nayo ilionyesha kimeng'enya cha misuli, CK, kimepanda, dalili kwamba misuli inaumia. Mshukiwa ni simvastatini, dawa ya kolesteroli niliyoanza miezi miwili kabla. Alisema kolkisini, dawa ya gauti (ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma ghafla), nayo huweza kuumiza misuli, hasa figo zikiwa dhaifu. Aliyesimamisha simvastatini ni daktari, sikuacha kienyeji, na tafadhali msiache kienyeji. Mkojo ukigeuka kahawia iliyokolea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Leo ni wiki ya sita. Kikombe nakiweka mezani bila kusubiri vidole, ila ngazi bado zinanichosha. Nasubiri kipimo cha vinasaba, maana wakati mwingine dawa hizi hufichua ugonjwa wa misuli uliokuwa umejificha tangu kuzaliwa.