Punda wangu anachechemea na Maulidi yamekaribia. Nimwambieje mpwa wangu?

MzeeLangoni:
Assalaam aleikum jamaa wa Lamu. Nina punda dume wa miaka 7 hivi, ndiye mkono wangu wa kulia: anabeba mchanga na mawe kutoka jahazini hadi majengoni. Mpwa wangu wa miaka 13 ameniganda tangu Ramadhani nimpe ashindane naye mbio za Maulidi. Nikakubali. Mimi mwenyewe nilikimbia ujanani, na watu walivyojaa ukutani wakiniita jina sijasahau mpaka leo.

Wiki jana nilipomvua soji, yale matandiko ya mzigo, nikaona juu ya bega nywele zimenyonyoka, ngozi ina majimaji, upana wa sarafu. Nikimgusa hapigi teke, anatikisa ngozi tu kama anayefukuza nzi. Na mguu wa mbele wa kushoto anautua kwa kuukwepa. Kwenye saruji unamsikia: ta, ta, ta, kimya kidogo, ta. Mchangani anatembea vizuri, na mtoto ananiambia, "Mjomba, si unaona yuko sawa?"

Zimebaki siku 12 na keshawaambia wenzake wote. Nikimpumzisha wiki moja na kumtia dawa, itatosha?

TabibuWaMifugo:
Waaleikum salaam mzee wangu. Usimkimbize. Punda huficha maumivu. Mpaka umemwona anachechemea, ujue ameumia siku nyingi. Mchanga unampokea mguu, ndiyo maana huko huoni kitu. Saruji ndiyo inayosema kweli.

Weka kiganja kwenye ukwato wa mguu huo, kisha kwenye ule mwingine. Huo wa kushoto ukiwa na joto zaidi, na mshipa juu yake unadunda kwa nguvu, huenda kuna usaha ndani. Usichokonoe wala usikate mwenyewe. Mpeleke hospitali ya punda hapo mjini, ipo tangu 1987 na matibabu ni bure. Kidonda cha bega kioshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na soji isimguse mpaka ngozi ifunge.

BintiShela:
Mimi naongezea la mtoto. Wanapanda bila matandiko, pembeni ni ukingo wa bahari na mawe, watazamaji wamesogea hadi njiani. Punda mwenye mguu mbovu akijikwaa hapo, mtoto anatangulia kichwa. Hata akipata punda mzima, mvalishe kofia ngumu ya bodaboda.

Na fimbo ziangaliwe. Niliwahi kuona punda amemaliza mbio nyama ya paja imetobolewa, mpandaji ameficha msumari kwenye kijiti. Nililia pale pale. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili, na pia kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa.

MkimbizajiWaZamani:
Dada, msumari ni haramu, hapo tuko pamoja. Lakini punda hawa wanabeba mawe mwaka mzima na hakuna anayesema, dakika chache za mbio ndiyo inakuwa ukatili? Mbio hizi ni zetu, tusizitupe.

TabibuWaMifugo:
Kaka, hilo la mawe umesema kweli, nami linaniuma kuliko mbio. Kidonda kile cha bega kimeletwa na mzigo. Mzee, hata Maulidi yangekuwa mwakani, punda huyo leo asibebe kitu.

MkimbizajiWaZamani:
Basi mtoto asivunjike moyo. Nina dume wangu mzima, aje amzoee jioni, asikutane naye mara ya kwanza siku ya mbio. Sharti langu: anapanda mikono mitupu, na punda akikataa, anashuka. Sisi tulikuwa tukishinda kwa kumjua punda, si kwa kumchapa.

MzeeLangoni:
Ahsanteni sana. Leo asubuhi tumekwenda hospitali. Mpwa wangu ndiye aliyemshika kichwa wakati tabibu anafungua ukwato. Ukatoka usaha mweusi unaonuka, kisha kipande cha msumari wenye kutu, kifupi kama ukucha wangu. Mtoto alikinyamazia, halafu akaniuliza, "Alikuwa akibeba mawe na hiki ndani?" Nikamwambia ndiyo.

Mchanga uliobaki nautoa kwa mkokoteni. Mkimbizaji, kesho baada ya alasiri tutafika kwako inshallah. Kofia nimeshaazima.