Viazi vya kuchoma majivuni: nje vinaungua, ndani vibichi. Naomba msaada kabla ya Jumamosi

Mama Wawili Kibaha (Jumatatu, saa 2 usiku)

Habari za jioni wanajamvi.

Baba yangu anashuka kutoka Makete Ijumaa, anakuja kukaa nasi wiki mbili. Ana miaka 78, na tangu mama atutoke mwaka jana hamu ya chakula imempungua sana. Nilimuuliza kwenye simu nimwandalie nini. Akasema, "Mwanangu, kama pana nafasi hapo uani, nichomee viazi kwenye majivu kama tulivyokuwa tunachoma machungani." Basi. Hakutaja kuku wala nyama.

Mimi nililetwa Pwani nikiwa na miaka minne, kwa hiyo hilo jambo nalisikia tu. Jana nikasema nijaribu. Nilikusanya mbao zilizobaki kwenye ujenzi, nikamwagia mafuta ya taa kidogo, moto ulipokolea nikavitumbukiza viazi 12. Baada ya dakika 25 ganda lilikuwa jeusi kabisa, nikavitoa. Nilipokipasua cha kwanza, nje ni mkaa mtupu unene wa nusu kidole, kinafuata kiukanda chembamba kilichoiva, halafu katikati kigumu, kisu kinakata kama kinakata karoti mbichi. Viwili vilipasuka motoni kwa kishindo, mwanangu mdogo akakimbilia ndani analia. Na vyote vinanuka mafuta ya taa.

Jumamosi tutakuwa watu 14. Nakosea wapi? Nivifunge kwenye foili? Nichague viazi vya aina gani? Naombeni mnielekeze kama mtu asiyejua kitu.

Kaka wa Tegeta

Pole dada. Njia rahisi: chemsha nusu kiive, funga kwenye foili pamoja na siagi na kitunguu saumu, weka kwenye jiko la mkaa dakika 15. Hutakosea.

Mzee wa Kipengere

Mwanangu Mama Wawili, hongera kwa kumsikiliza mzazi. Ushauri wa kaka hapo juu unatoa kiazi kitamu, lakini si hicho baba yako alichokiomba. Kiazi kikifungwa kwenye foili hujichemsha kwa mvuke wake mwenyewe, ganda linakuwa laini na lenye unyevu. Anachokikumbuka yeye ni ganda kavu linalobanduka, na lile tabaka la kahawia chini yake lenye harufu ya moshi.

Kosa lako ni moja kubwa: umechomea kwenye ndimi za moto. Kiazi kina maji karibu asilimia 80, na joto huingia ndani polepole. Moto mkali unalimaliza ganda kabla katikati hapajapata habari. Moto ni wa kutengenezea makaa na majivu. Ukishakufa ndipo kazi inapoanza.

Sisi tulikuwa tukifanya hivi. Asubuhi tukifika malishoni tunawasha moto mkubwa kwa sababu ya baridi, maana kule mwezi wa sita na wa saba majani hulala yameganda barafu. Tunaota. Jua likipanda moto unakuwa umeisha wenyewe, yamebaki makaa yaliyovaa majivu meupe. Hapo ndipo tunayasukuma pembeni kwa kijiti, tunapanga viazi juu ya ardhi iliyopata moto, tunavifukia kwa majivu, na makaa tunayarudisha juu. Kisha tunakwenda kugeuza ng'ombe. Tukirudi vimeiva.

Angalia mpangilio huo: ardhi ya moto chini, majivu yanakigusa kiazi, makaa juu ya majivu. Kaa lisikiguse kiazi. Majivu yawe unene wa vidole viwili hivi.

Mama Wawili Kibaha

Shikamoo mzee. Yaani nimesoma mara tatu. Mimi nilidhani majivu ni uchafu tu, kumbe ndiyo sufuria yenyewe. Niwashe moto saa ngapi ili wale saa saba mchana?

Mzee wa Kipengere

Marahaba mwanangu. Kwa kuni ngumu moto uwake saa nzima hadi saa moja na nusu. Kiazi cha ukubwa wa ngumi kinataka dakika 45 hadi 60 chini ya majivu, cha ukubwa wa yai nusu saa. Washa saa nne asubuhi, utakuwa na nafasi hata ukichelewa. Chagua vyenye ukubwa unaolingana, usichanganye ngumi na yai halafu ukavitoa pamoja.

Fundi Seremala Moro

Naongelea kuni, kwa sababu hapo kwenye "mbao zilizobaki ujenzi" nimeshtuka. Dada, usipikie mbao za ujenzi. Nyingi zimepakwa dawa ya mchwa, nyingine rangi, na zile zenye rangi ya kijani kibichi dawa yake ina shaba na mara nyingi aseniki. Sumu ile haiungui, inabaki kwenye majivu, na wewe unafukia chakula humo humo. Yale majivu ya jana yazoe yote, usimwage bustanini, na Jumamosi anza mahali pengine.

Hata mbao safi ya msonobari haifai sana. Inashika haraka, inawaka kwa fujo, inaisha bila kuacha makaa ya maana. Tafuta mti mgumu uliokauka. Kwa huko Kibaha matawi ya mwembe yaliyokauka vizuri yanafaa. Ukikosa kabisa, changanya kuni kidogo na mkaa. Maganda ya korosho usiyaguse, mafuta yake yanatoa moshi unaowasha macho na kifua.

Kuwasha: majani makavu ya mnazi au vijiti vyembamba. Mafuta ya taa hapana.

Kaka wa Tegeta

Nakubali kurekebishwa, mzee. Ila mchanga wa Pwani una unyevu, hasa mvua ikinyesha. Si atandike bati chini?

Fundi Seremala Moro

Bati la kuezekea lina zinki juu. Likipata moto mkali linatoa moshi mbaya kwa afya. Bora atandaze matofali ya kuchoma yaliyokauka, awashe moto juu yake. Na mawe ya mtoni asitumie, yakiwa na maji ndani yanaweza kupasuka na kurusha vipande.

Wairimu wa Nyandarua

Hamjambo nyote. Huku kwetu viazi tunaviita waru na nimekula vya kuchomwa kwenye jivu la jikoni kwa shosho, yaani bibi yangu, tangu nikiwa mdogo. Naomba niseme juu ya viazi vyenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huharibu.

Unataka kiazi chenye wanga mwingi, kile ambacho kikichemshwa hupasuka na kuwa unga unga. Kiazi cha majimaji hakitafurahisha mtu hata ukichome vipi. Huku Shangi ndiyo imejaa sokoni na huiva haraka. Huko sijui utapata ipi, kwa hivyo pima: changanya kikombe kimoja cha chumvi na vikombe 11 vya maji, tumbukiza viazi. Kinachozama kina wanga mwingi, hicho ni cha moto. Kinachoelea weka kando upikie mchuzi. Ukimaliza suuza na ukaushe kabisa.

Kingine, vyenye rangi ya kijani usichome. Ule ukijani ni dalili kiazi kimepigwa na mwanga na kina sumu inayoleta uchungu mdomoni, na moto hauiondoi. Kama ni kidoa, kata kwa kina. Kama kimeenea, tupa, hasa kwa vile atakayekula ni mzee na kuna watoto.

Dada, ulivihifadhi wapi hivyo vya Jumapili?

Mama Wawili Kibaha

Kwenye friji dada Wairimu, karibu wiki mbili. Niliogopa vitaota na hili joto.

Wairimu wa Nyandarua

Basi nalo limechangia. Kiazi kikikaa kwenye baridi ya friji, wanga wake hugeuka sukari kidogo kidogo, na sukari hukimbilia kuwa nyeusi ikipata moto. Halafu ulikitoa kikiwa baridi hadi katikati. Nunua vipya Alhamisi, uviweke kwenye kikapu mahali penye giza na hewa. Kwa siku mbili havitaota.

Na kabla ya kuvifukia, vitoboe kwa uma mara tatu nne ili mvuke upate pa kutokea. Hivyo vilivyopasuka ni mvuke ulikosa njia.

Mbatata Unguja

Assalaam aleikum. Nyongeza ndogo: usivimenye, na usivipake mafuta, jivu litaganda. Kujua kama kimeiva, chukua kijiti cha mshikaki upenyeze hadi katikati. Kikiingia bila kukwama, toa. Kikigonga kitu kigumu, kifukie tena, hakuna haraka.

Mwana wa Songea, Leipzig

Mzee wa Kipengere umenikumbusha mbali. Huku Ujerumani nao wana kitu hicho, wanakiita Kartoffelfeuer. Zamani wakimaliza kuvuna viazi vuli, walikusanya mashina makavu shambani, wakayachoma, na watoto wakafukia viazi kwenye majivu yale. Jirani yangu mwenye miaka themanini alinisimulia akiwa anapapasa vidole vyake kana kwamba bado vina masizi. Dada, usimkoseshe baba hata kidogo.

Mama Wawili Kibaha (Jumapili, saa 12 jioni)

Nimerudi kuwapa mrejesho, maana mmenibeba.

Baba alifika Ijumaa usiku amechoka, akanywa chai tu. Jumamosi saa nne nikawasha kuni za mwembe juu ya matofali. Aliposikia harufu ya moshi alitoka na kiti chake, akakaa upande usio na upepo. Hakunielekeza chochote hadi moto ulipoanza kufa na mimi nikanyoosha mkono kuchukua viazi. Akasema, "Bado. Ngoja weupe." Tukangoja karibu nusu saa nyingine, hadi makaa yote yakavaa jivu.

Nilifukia viazi 34. Vilivyoelea kwenye maji ya chumvi vilikuwa 9, nikaviacha. Dakika ya 50 nikapenyeza kijiti, kikazama chote. Nikamletea baba sahani, hakuipokea. Alikiokota kiazi kwa mkono, akakirusha kutoka kiganja hiki hadi kile, akakipukuta majivu, akakigonga kwa kucha na kukiweka sikioni. Halafu akakipasua kwa vidole gumba. Mvuke ulitoka na ndani palikuwa peupe, unga mtupu, na pembeni ule mduara wa kahawia mzee aliouzungumzia. Akanusa kwanza kabla ya kula.

Nilikuwa nimeandaa kachumbari, maziwa mgando na pilipili. Akaomba chumvi tu.

Alikula vinne. Mimi sijamwona akila hivyo tangu msibani. Alipofika cha tatu akaniambia kwamba mama alikuwa na kawaida ya kufukia vidogo vidogo pembeni mwa jiko kwa ajili yetu watoto, na kwamba mimi nilikuwa nalia nisipopewa cha kwanza. Hilo sikuwa nalijua.

Viwili tu viliungua, vile vya ukingoni ambako majivu yalikuwa haba. Sasa anataka tena Jumatano, na anasema atavifukia mwenyewe.

Mzee wa Kipengere

Mpe salamu zangu mwanangu. Hivyo vya ukingoni, mwambie mjukuu awe anaongeza jivu kwa koleo dakika ya ishirini. Jivu hushuka likitulia, na upande wa upepo ndio hufunuka kwanza.