Umeme wa kichwani kwa wenye kiharusi: kaunti inunue mashine, au fizio kwanza?

MTOTO WA LIKONI: Assalam aleikum. Wengi humu kundini wanataka mashine za kuamsha ubongo bila kupasua kichwa ziletwe hospitali za umma hapa Mombasa. Mimi napinga, na sababu yangu ni mamangu.

Kiharusi kilimpata mwaka jana, upande wa kulia ukalala. Zahanati moja ya binafsi ikatutaka shilingi 40,000 kwa vikao 10. Tukachangishana. Alifungwa mkanda kichwani wenye sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, waya zikaingia kwenye kisanduku cha betri, dakika 20. Akasema panamwasha kama chungu wanatambaa. Muda ukiisha, nenda nyumbani. Hakukunjuliwa hata kidole kimoja. Vikao vyote 10 vilikuwa hivyo, na mkono ukabaki ulivyokuwa. Mamangu sasa hula kwa kushoto, kajificha jikoni, maana aona haya wajukuu wakimtazama. Pesa ya umma isiende huko wakati fizio mmoja, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anagawanywa kwa foleni nzima.

BI KISAUNI: Pole mwanangu. Uliyotendewa ni dhuluma, ila usitufungie mlango sote. Mume wangu alitibiwa kwa sumaku, ile koili, duara la waya, wanayoiweka juu ya kichwa ikalia ta-ta-ta, na kila kikao kikafuatwa na saa nzima ya mazoezi. Alikuwa hawezi kushika kikombe. Leo hufunga vifungo vya kanzu mwenyewe, hadi cha shingoni. Sisi tulikuwa na uwezo. Asiye nao, mashine hii itamfikia lini, kama hospitali ya umma haikununua?

FIZIO, CHANGAMWE: Wazo la mashine hizi ni kwamba nusu mbili za ubongo huzuiana. Moja ikijeruhiwa, ile nzima huizidi nguvu. Basi sumaku ya polepole, pigo 1 kwa sekunde, hulenga kuituliza ile nzima. Ya haraka hulenga kuichangamsha iliyoumia. Umeme wa sponji ni mdogo mno, miliampea 1 au 2. Hauamrishi seli kufanya kazi, huzitia wepesi wa kuitikia tu. Ukimuwekea mgonjwa kisha ukamuacha akae bure, umewasha jiko bila kuteleka chungu.

Bi Kisauni, lipo jaribio la Marekani lililochapishwa 2018: vituo 12, watu 199, wenye miezi 3 hadi 12 tangu kiharusi. Wote walifanyishwa mazoezi yale yale. Baadhi walipata sumaku ya kweli, wengine bandia, bila kujua nani kapata ipi. Miezi 6 baadaye, mkono ulikuwa umepata nafuu ya maana kwa asilimia 67 ya waliopata ya kweli, na asilimia 65 ya waliopata bandia. Zitazameni namba hizo pole pole. Tofauti ni kama haipo, lakini nafuu ipo, tena kwa watu wengi. Walichopata wote ni mazoezi. Ziko tafiti ndogo zilizoona faida, sizikatai, ila hazitoshi kununulia mashine kabla ya kuajiri fizio. Na mwenye kifafa, chuma kichwani au kifaa cha moyo, sumaku hiyo si yake.

Mtoto wa Likoni, mama anaweza kuinua kiganja na kukunjua vidole japo kidogo? Kama anaweza, uvishe mkono wa kushoto soksi nene, ule wa kulia ulazimike kufanya kazi. Njia hiyo ilijaribiwa Marekani kwa watu 222, matokeo yakatoka 2006: mkono ulianza kufanya kazi vizuri zaidi, na faida ilikuwapo bado mwaka mmoja baadaye. Avuliwe akishika gongo, akitawadha, na akiwa karibu na moto.

DEREVA WA TUKTUK: Mimi hubeba wagonjwa wa kupooza kutoka feri. Mara ya kwanza mtu huja na watu watatu, ya pili na mmoja, ya tatu simuoni tena. Nauli hiyo. Feri kwa miguu ni bure, lakini ule mteremko mwenye gongo ataushukaje? Fizio wasogezwe mitaani kwanza.

BI KISAUNI: Namba nimeziona, na zimenikaa moyoni. Huenda kweli ilikuwa ile saa ya mazoezi. Hata hivyo ningependa mashine ziwepo, angalau kwa utafiti.

MTOTO WA LIKONI: Kwa utafiti naafiki, Bi mkubwa, kwa sharti mgonjwa asitozwe hata senti, aambiwe wazi kuwa ni jaribio, na mazoezi yasikose.

Fizio, vidole anakunjua kidogo, gumba na cha shahada, na kiganja huinuka kiasi. Soksi nimemvisha tangu asubuhi. Mchana amekula wali kwa kulia, sebuleni, mbele ya wajukuu. Nusu umemwagika mkekani na amekataa kulishwa. Nimvishe saa ngapi kwa siku?