Kreti likimponyoka mtu mkononi, kwa Kiingereza tunaandikaje?

KaraniTukuyu:
Wakuu habari zenu. Mimi ni karani kwenye ghala la kufungashia parachichi huku Rungwe. Napima, nahesabu, na kila jioni naandika taarifa ya siku kwa Kiingereza kwa sababu meneja wetu hajui Kiswahili.

Jumatatu iliyopita tuliamka na ukungu wetu ule wa Julai, manyunyu tangu alfajiri, sakafu imelowa. Kijana mmoja wa kupakua, huu ni msimu wake wa pili, kreti la parachichi aina ya Hass likamponyoka. Wote tuliokuwepo tulisema hivyohivyo: limemponyoka. Tukaokota, tukachambua, matunda 18 tukayaweka pembeni, kazi ikaendelea.

Jioni nikatafuta "kosa" kwenye kamusi ya simu. Yakaja maneno chungu nzima. Nikachukua "blunder" kwa kuwa nilishawahi kulisikia kwenye mpira, nikaandika: "He made a blunder and dropped the crate." Jumatano kijana akapewa barua ya onyo. Ananiamkia kila asubuhi kama kawaida, shikamoo dada, wala hajui kwamba neno lile limetoka kwenye kalamu yangu. Inaniuma sana.

Kuna mambo mawili ya wiki hiyohiyo ambayo bado sijayaandika. Mama mmoja alibandika lebo za shamba moja kwenye maboksi manne ya shamba jingine. Na mchumaji mmoja alivuta matunda kwa mkono badala ya kukata kwa mkasi, vikonyo vikang'oka. Kwangu mimi hayo matatu hayana uzito mmoja. Naombeni maneno yanayolingana nayo.

MwalimuKihesa:
Kamwene dada. Nimefundisha Kiingereza sekondari hapa Iringa miaka 31, na swali lako ni zito kuliko mengi niliyoulizwa darasani.

"Blunder" ni kosa kubwa la mtu aliyepaswa kuona na hakuona. Zamani neno hilo lilimaanisha kwenda huku na huko kama kipofu. Golikipa anayemwekea mpira mshambuliaji miguuni, hiyo ndiyo blunder. Kijana wako hakufanya hivyo.

Kiingereza nacho kina njia ya kukifanya kitu kuwa ndicho kinachotenda: "The crate slipped from his hands." Ndiyo "limemponyoka" yenyewe. Ukiandika "he dropped it", msomaji anaanza kumtazama mtu. Ukiandika "it slipped", anatazama mikono, kreti na sakafu. Neno "slip" hutumika pia kwa kosa dogo la mtu anayeijua kazi yake, ulimi ukiteleza au kalamu ikiteleza.

Za lebo, kama mama yule anazijua lebo zote na siku hiyo alipitiwa tu, andika "labelling error", basi. Utashawishika kuandika "oversight", maana ndilo neno la kupitiwa. Lakini neno hilohilo lina maana ya usimamizi! Ukiandika "oversight of the supervisor", mmoja ataelewa msimamizi alipitiwa, mwingine ataelewa msimamizi alikuwepo anasimamia. Kwenye taarifa ya kazi likwepe.

Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Pit Corder, aliandika mwaka 1967 kuhusu wanaojifunza lugha, akatenganisha kosa la mtu aliyeteleza na kosa la mtu ambaye bado hajajua. La kwanza mwenyewe hulirekebisha akionyeshwa. La pili linahitaji kufundishwa. Kwa hiyo kabla hujamwandika mchumaji, muulize: alionyeshwa mkasi?

DerevaMakambako:
Mimi nabeba mizigo hiyo hadi bandarini Dar. Dada, huruma yako naielewa, ila usipunguze. Parachichi haliivi mtini, linalainika baada ya kuchumwa. Tunda lililogongwa leo linaonekana zima, doa jeusi linatokea mezani kwa mteja. Na kikonyo kiking'oka kinaacha kidonda, kuvu inaingia, tunda linaoza kuanzia pale juu. Sisi kwenye makaratasi ya mzigo neno letu ni "mishandling", yaani mzigo kushikwa vibaya. Kosa liitwe kosa.

KaraniTukuyu:
Kaka, sijaficha kitu. Matunda 18 nimeyaandika na yametolewa. Ninachokataa ni kumfanya mtu mzembe kwa neno nililookota kwenye simu.

Mwalimu, mchumaji nimemuuliza. Ni mgeni, aliletwa Ijumaa, hakuna aliyemwonyesha mkasi. Na yule kijana, nimekumbuka kitu: kabla ya kupakua alikuwa anaosha kreti kwa maji ya bomba tangu saa kumi na mbili. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Je, niandike "clumsy"? Kamusi inasema ni mtu asiye na mikono mizuri.

MwalimuKihesa:
Usiandike. Leo "clumsy" ni sifa ya mtu, kama kusema ndivyo alivyo siku zote. Ila angalia ajabu hii: asili yake ni neno la zamani lililomaanisha kufa ganzi kwa baridi! Wewe iandike sababu yenyewe: "His hands were numb with cold and the floor was wet." Meneja akisoma hapo atafikiria glovu na sakafu.

Na kaka wa Makambako, "mishandling" ni neno sahihi kwa mzigo uliorushwarushwa. Kwa kreti moja lililoteleza ni kubwa mno. Kubwa zaidi ni "negligence", uzembe. Kanuni za kazi za mwaka 2007 zinautaja uzembe mkubwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi. Karani asiliandike kwa kukosa neno jingine.

DerevaMakambako:
Hapo kwenye glovu nimekuelewa mwalimu. Huko Rungwe alfajiri hata usukani unauma.

KaraniTukuyu:
Ndaga fijo, wote. Nimeandika barua ya kusahihisha taarifa ya Jumatatu. Nimeweka baridi, nimeweka sakafu, nimeweka matunda 18. Kwa mchumaji nimeandika "he had not been trained". Limebaki moja: kosa langu mimi la kuchagua neno baya, niliite nini?

MwalimuKihesa:
"My mistake." Asili yake ni kuchukua isivyo. Ulichukua neno lisilo lake.

KaraniTukuyu:
Nimeliandika. Meneja ameniita kesho saa mbili asubuhi, na nimemwomba kijana awepo ili nimweleze mbele yake.