Je, miungano ya zama za kati ilikuwa silaha kweli?

Swali
Nasoma kuhusu mwanzo wa Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa, na kuna jambo linanitatiza. Edward III wa Uingereza aliwaahidi watawala wa Brabant na Hainaut, majimbo jirani ya Ufaransa upande wa kaskazini, fedha nyingi, na mwaka 1338 Ludwig IV, Kaizari wa Ujerumani, akamfanya makamu wake. Lakini mwaka 1339, majeshi yalipokaribiana kaskazini mwa Ufaransa, kila upande ulirudi kwao bila kupigana. Miungano hiyo ilimfaa nini?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, mshirika wa kukodiwa hutazama mkono wa mlipaji, na Edward alikuwa amefikia kuweka rehani hata taji lake. Mwaka 1341 Ludwig alihamia upande wa Ufaransa. Flanders, jimbo la wafumaji lililokuwa chini ya mfalme wa Ufaransa, ilikuwa habari nyingine. Mwaka 1336 Edward alizuia sufu ya Uingereza isipelekwe huko, na wafumaji wa Ghent, mji wa Flanders, ambao riziki yao yote ilitegemea sufu hiyo, wakabaki bila kazi. Kilichowazuia kumwendea ni kiapo chao cha utii kwa mfalme wa Ufaransa. Kwa hiyo Januari 1340, mjini Ghent kwenyewe, Edward alitangazwa kuwa mfalme wa Ufaransa, akatia yungiyungi, maua ya nembo ya wafalme wa Ufaransa, kando ya simba wake katika nembo, ili Waflandi wamfuate bila kuhesabiwa kuwa waasi. Kwangu mimi, tangazo lile lilifanya kazi kuliko ahadi zote za fedha.

Jibu la pili
Naongeza upande wa mshirika mdogo, ambao husahauliwa. Uskoti ilikuwa na mkataba na Ufaransa tangu 1295. Baada ya Wafaransa kushindwa na Waingereza kwenye vita vya Crécy mwaka 1346, mfalme wa Uskoti, David II, aliivamia Uingereza ili kumpunguzia mfalme wa Ufaransa, Philip VI, mzigo, akatekwa karibu na Durham, akakaa kifungoni miaka 11, na fidia yake ikapangwa kuwa maki 100,000 (maki ilikuwa kipimo cha fedha cha wakati huo).

Muulizaji
Nawashukuru. Na Burgundy je, dola ya Kifaransa iliyoungana na Waingereza baadaye? Huko sioni sufu wala mshahara.

Jibu la kwanza
Huko kulikuwa na kisasi. Mtawala wake, Jean, aliuawa mwaka 1419 kwenye daraja la Montereau, alipokwenda kuzungumza na mrithi wa taji la Ufaransa, na mwanawe Philippe akaungana na Waingereza. Mkataba wa Troyes wa 1420, uliomfanya Henry V, mfalme wa Uingereza, mrithi wa Ufaransa, usingewezekana bila Philippe. Hasira ilipopoa, Philippe alipatana na mrithi yule yule, ambaye sasa alikuwa Mfalme Charles VII, kule Arras mwaka 1435. Miezi michache baadaye, Aprili 1436, Waingereza waliipoteza Paris.